Fungu la Mwenye Kuuguza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba nguvu na udhaifu, uzima na maradhi, akawajaalia baadhi yetu kuwa tegemeo la wengine. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika ucha Mungu umo ule unaofanyika nyuma ya milango iliyofungwa, usiku wa manane, pasipo mtu wa kuuona: kumgeuza mgonjwa ubavu, kumwosha mzee asiyejiweza, kumlisha kijana aliyezaliwa na kilema, kumjibu kwa upole mama ambaye akili zimempotea na anauliza swali lile lile mara kumi. Khutba nyingi zimesomwa juu ya fadhila za watu hawa. Leo sitazirudia. Nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halisemwi sana mimbarini, nalo ni riziki ya huyo mwenye kuuguza. Aliyekesha na mgonjwa usiku kucha, mchana atafanya kazi saa ngapi? Na akiwa ni mwanafunzi, atasoma saa ngapi? Na asipofanya kazi, atakula nini?

Nazungumza khasa na ndugu zetu walioko Uingereza, wenye asili ya Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Barawa na kwengineko, kwani huko dola imeweka posho maalumu kwa mtu wa namna hii. Posho hiyo imewaletea wengi faraja, na wengine imewatia katika madeni yanayowanyima usingizi. Na nyinyi mlioko nyumbani Afrika Mashariki, msifunge redio mkidhani kuwa khabari hizi haziwahusu. Wanaouguza huko ni watoto wenu na dada zenu, na mna sehemu yenu katika jambo hili kama nitakavyoeleza.

Lipo neno wasemalo baadhi ya watu wema, na kwa wema wao hujidhulumu: "Mama yangu mzazi nimwuguze kwa pesa? Hiyo si aibu?" Basi sikilizeni khabari ya Sayyidna Uthman bin Affan, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Katika mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman hakutoka pamoja naye. Hakubaki kwa woga wala kwa uvivu. Mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa mahututi, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamrisha abaki Madina amwuguze. Bibi Ruqayya akafariki, na khabari za ushindi zikafika mjini katika siku ile ile ya mazishi yake. Ngawira zilipogawiwa, Mtume (s.a.w.) alimpa Uthman fungu lake kama alivyompa mtu aliyesimama safuni na upanga mkononi. Hakuambiwa kuwa thawabu zake ziko kwa Mola wake basi fungu la dunia aliache. Thawabu alihesabiwa, na fungu akapewa. Kukaa kwake kitandani pa mgonjwa kulihesabiwa kuwa ni kazi, na mwenye kazi ana haki yake.

Basi asione haya mtu kuipokea haki ambayo sheria ya nchi imempa kwa halali. Anachokipokea si bei ya mapenzi yake kwa mama yake, kwani hayo hayana bei. Ni kitu cha kumshika asianguke, kwa sababu saa alizozitoa kwa mgonjwa ni saa ambazo angezitumia kutafuta riziki.

Na wala posho hiyo haikuletwa kwa hisani tu ya watawala. Alikuwako bibi mmoja Mwingereza, Mary Webster, kasisi wa kanisa, aliyeacha kazi yake mwaka 1954 ili awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 akaandika barua magazetini kueleza hali ya wanawake wasioolewa waliobaki nyumbani na wazee wao, wasio na mshahara wala akiba ya uzeeni. Zikamjia barua nyingi kutoka kwa wenziwe, na mwaka 1965 wakaunda jumuiya yao. Serikali ikaitikia, na malipo yakaanza mwaka 1976. Lakini tazameni ajabu ya wanadamu: mwanamke aliyeolewa alinyimwa. Ilisemwa kuwa yeye yuko nyumbani kwa vyovyote, basi anapoteza nini? Ikambidi Bi. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 ili amtunze mama yake, alipeleke shauri lake mpaka katika Mahakama ya Ulaya, na mwezi Juni 1986 akashinda. Tangu mwaka 2003 malipo hayo yanajulikana huko kwa jina la Carer's Allowance, na hapa tutayaita Posho ya Mtunzaji.

Sasa tuieleze sheria yenyewe, kwa kuwa mwenye kudai asichokijua hupotea. Mtunzaji awe ametimiza miaka 16, na amtunze mgonjwa kwa saa zisizopungua 35 kwa juma. Mgonjwa mwenyewe awe anapokea moja katika mafao ya ulemavu au ya uzee yaliyotajwa na sheria. Mtunzaji asiwe katika masomo ya saa 21 au zaidi kwa juma. Na kama anafanya kazi, pato lake lisipite kiwango kilichowekwa. Kuanzia Aprili 2025 posho ilikuwa pauni 83 na peni 30 kwa juma, na kiwango cha pato kikawa pauni 196. Hesabu hizi hubadilishwa kila mwezi wa Aprili, basi asitegemee mtu hesabu ya mwaka jana. Pamoja na posho huja jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kuandikiwa mchango katika Bima ya Taifa, ili miaka ya kuuguza isiwe pengo katika pensheni ya mtu atakapozeeka. Kwa kijana jambo hili ni dogo. Atakapofika umri wa pensheni hatalisahau.

Pauni 83 kwa saa 35 ni kama pauni mbili na kitu kwa saa moja. Mtumishi wa hospitali hawezi kuajiriwa kwa ujira huo, sheria yenyewe ingekataza. Nalitaja hili kwa ajili ya nyinyi mlioko nyumbani. Mkisikia kuwa ndugu yenu analipwa na serikali kwa kukaa na mama, msidhani amefungua duka. Mwenye kupokea posho hii mara nyingi ananunua maziwa kwa kuhesabu sarafu, na akipigiwa simu ya mchango wa harusi huona haya kusema hana. Mpunguzieni.

Tuje katika mlango wa pato, ambao ndio ulioumiza watu. Lau kuwa mtu akipita kiwango kwa pauni moja angepunguziwa pauni moja, au hata tano, tungesema ni hesabu. Lakini sivyo. Kwa kiwango kile cha Aprili 2025, akipata pauni 197 badala ya 196, posho yote ya juma lile humtoka. Ni kama mtu anayetembea juu ya uwanda, na hatua moja mbele yake ni genge. Na akiendelea mwaka mzima bila ya kujua, pauni zake 52 za ziada humfanyia deni la pauni 4,331. Na kupita kiwango si lazima kuwe kwa tamaa. Mwajiri humwomba mtu azidishe zamu moja kwa kuwa mwenziwe anaumwa. Mshahara wa chini wa nchi hupanda, naye saa zake ni zile zile, akajikuta amepita pasipo kuongeza hata dakika moja. Kabla ya Aprili 2025 kiwango kilikuwa pauni 151, ambazo kwa mshahara wa chini wa wakati ule zilikuwa saa 13 tu na kidogo. Sasa kimefungamanishwa na saa 16 za mshahara huo, na hilo ni jema, ingawa genge lenyewe bado liko pale pale.

Mwaka 2024 ilidhihirika kuwa zaidi ya watu 130,000 walikuwa wakidaiwa jumla ya zaidi ya pauni milioni 250 kwa sababu hii. Baadhi yao walishtakiwa mahakamani kama wezi. Na lililo zito zaidi ni kuwa idara inayolipa ilikuwa ikiletewa khabari za mishahara ya watu hao kutoka kwa watoza kodi, lakini haikuzikagua zote, na deni likaachwa likue mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka. Serikali ikamteua Bi. Liz Sayce achunguze, na taarifa yake ikatolewa Novemba 2025. Ilionekana kuwa tangu mwaka 2015 maelekezo ya idara juu ya namna ya kukadiria pato linalopanda na kushuka yalikuwa na kasoro, na kwamba wapo waliotiwa deni wasilostahiki. Serikali ikakubali kuyarejea mashauri hayo.

Hapa nasema maneno mawili, na yote mawili nayasema kwa uzito. La kwanza ni kwa mwenye kupokea. Posho hii ni amana, na sharti la kueleza pato lako umelikubali ulipotia saini. Mwenye kuficha pato kwa makusudi amekula mali ya umma, na mali ya umma haiwi halali kwa kuwa serikali ni ya watu wa dini nyingine. Wapo wanaoinong'oneza fatwa hiyo. Ni fatwa ya shetani. Muislamu aliyeingia nchi ya watu kwa ahadi anabanwa na ahadi yake. La pili ni kwa mwenye kutawala, Muislamu na asiyekuwa Muislamu: kanuni inayomtega mnyonge, kisha ikamngoja mpaka azame, haiwi uadilifu kwa kuwa imepigwa chapa. Na mfano wake tunao kwa Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Imepokewa kuwa usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulitua nje ya Madina, naye Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuwalinda wasiibiwe. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamnasihi amtazame mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, na tena, mpaka mwisho wa usiku, na Umar akamlaumu yule mama. Mama, naye hamjui anayesema naye, akamwambia kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hatoi posho kwa mtoto anayenyonya, hutoa kwa aliyeachishwa tu. Umar akasalisha Alfajiri hali watu hawasikii vizuri kisomo chake kwa kilio. Alipomaliza akajihesabia nafsi yake ni watoto wangapi wa Kiislamu wamedhurika kwa kanuni yake, kisha akatoa amri itangazwe kila mahali: mtu asiharakishe kumwachisha mwanawe, kila mtoto anayezaliwa atapewa posho.

Nawaombeni mwitazame khabari hii kwa jicho la mambo ya leo. Kanuni ya Umar haikuwekwa kwa ubaya. Iliwekwa kwa hesabu, kama zinavyowekwa kanuni zote za hazina. Lakini iliwasukuma mama masikini wafanye jambo la kudhuru ili wapate haki. Umar alipojua, hakutuma askari kumdai yule mama alichokipokea, wala hakumwambia kuwa kanuni ni kanuni. Aliitengeneza kanuni. Na mimi naona kuwa sharti la saa 21 za masomo liko katika mlango huu huu, kwa kuwa linamfanya kijana aachishwe elimu kabla ya wakati wake.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 19. Baba amefariki, mama ana maradhi ya figo, anapelekwa hospitali mara tatu kwa juma. Msichana amepata nafasi ya kusomea ukunga. Saa za darasani peke yake pengine hazifiki 21, lakini kazi ya masomo aliyopewa na walimu wake nayo huhesabiwa, na mwanafunzi wa muda wote mara nyingi hukosa. Akisoma, posho hana. Akiichukua posho, chuo hana. Na mgonjwa ni yule yule, na saa za usiku ni zile zile, awe binti anasoma au hasomi! Sheria inadhani kuwa mwenye kusoma hawezi kuuguza. Yeyote aliyepita katika nyumba zetu na kumwona mtoto ameegemeza kitabu juu ya kitanda cha bibi yake anajua kuwa sivyo.

Nako Scotland wameliona hilo. Walianza posho yao wenyewe mwezi Novemba 2023 katika sehemu tatu, na mwaka uliofuata ikaenea nchi yao yote, na wakawafungulia mlango wanafunzi wengi wa muda wote. Kabla ya hapo, Oktoba 2019, walianzisha ruzuku ya vijana wanaotunza wagonjwa, hutolewa mara moja kwa mwaka. Basi wanafunzi wetu walioko Glasgow au Edinburgh wasiambiwe na wenzao wa London kuwa hawana haki. Na walioko England na Wales wajue kuwa masomo ya muda mfupi, chini ya saa 21, hayamvunjii mtu posho. Aombe barua ya chuo inayoeleza saa zake zote kabla hajajaza karatasi, asikisie.

Lakini, ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kuihukumu serikali na tukazisahau nyumba zetu. Kwa nini katika mfano wangu nimemtaja msichana? Kwa sababu mlitazamia iwe hivyo, wala hapana aliyeshangaa. Ana kaka wawili, wazima wa afya. Mmoja husema, "Mimi natoa pesa." Mwengine husema, "Mimi mwanamume, nitamwoshaje mama?" Wazee walisema kuwa mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, na hakuna mahali maneno hayo yanapothibiti kama hapa. Amri ya kuwatendea wema wazazi wakifikia uzee, iliyomo katika Suratul Israai, haikuwahusu mabinti peke yao, na Uthman aliyeachwa Madina na mgonjwa wake alikuwa mwanamume.

Sheria inamruhusu mtu mmoja tu kuipokea posho kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Kaeni kama jamaa, mtazame ni nani anayezitimiza saa 35 kwa kweli, aandikwe huyo. Kumwandika kaka asiyejua hata dawa za mama zinawekwa wapi, na dada anayekesha akabaki bila jina katika daftari, ni dhulma mbili kwa mpigo: mmeidanganya serikali, na mmempora dada yenu fungu lake pamoja na pensheni yake. Na mkiweza, kaka wachukue siku mbili au tatu katika juma, binti apate kuhudhuria masomo yake. Mwenye kazi alipe mtu wa kukaa na mgonjwa. Katika hesabu ya pato, sehemu ya malipo hayo huweza kutolewa, ilimradi anayelipwa si jamaa wa karibu.

Yapo mambo mengine mawili ambayo nayapitia haraka. Posho hii ni fedha za umma, na mtu ambaye ruhusa yake ya kukaa nchini inamkataza kunufaika na fedha za umma asiiombe, kwani anaweza kuipoteza ruhusa hiyo. Pia wakati mwengine mtunzaji akipokea, mgonjwa hupunguziwa baadhi ya mafao yake mwenyewe. Ulizeni kwanza. Katika miji mingi zipo ofisi za Citizens Advice, na ipo jumuiya ya Carers UK, iliyotokana na ile iliyoanzishwa mwaka 1965. Ushauri wao ni bure na hawaulizi dini ya mtu.

Wekeni karatasi zote za mshahara. Pato likibadilika, elezeni siku ile ile, na kwa maandishi. Aliyepokea barua ya deni asiitie mtotoni mwa meza kwa hofu, kwani ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi utazamwe upya, na baada ya hapo anaweza kukata rufaa mbele ya baraza. Na ambaye mshahara wake ulikuwa ukipanda na kushuka katika miaka ya tangu 2015, akadaiwa, au amekwisha kulipa, basi na aulize kama shauri lake ni katika yale yatakayorejewa. Vijana mnaosoma lugha ya nchi vizuri, wasomeeni barua hizo wazee na mama zenu, msingoje kuombwa.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha.